Muulize Mwalimu: Volti 16 kwenye upana wa nywele mbili, mbona haziwashi hata taa?

Mwezi huu maswali ya sola yamenijaa kwenye simu na najua kwa nini, korosho zimeanza kulipwa, hela inaonekana mtaani na kila mtu anataka abadilishe kitu nyumbani. Nimechagua manne. La kwanza nimelipatia nafasi kubwa sababu limenikuna, hayo mengine tutapita haraka haraka.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mi nina kibanda cha kuchaji simu huku Newala, paneli mbili za wati 100 na betri moja, maisha yanaenda. Sasa mpwa wangu anasoma chuo, kaja likizo ananiambia mjomba hizi paneli zako zimepitwa, wenzetu wana utando mwembamba ambao ndani yake kuna kuta, na hizo kuta ndo zinatoa umeme, tena volti zinapita hata kiwango ambacho wenyewe wanasayansi walikuwa wanasema haiwezekani. Nikamwambia wewe umeenda kusoma au kuokota uongo? Ila juzi kapita kijana na begi anachukua oda za "sola ya kuta", unalipa nusu, mzigo unakuja baadaye. Kuta gani hizo, na hela nimpe? (Mwenye kibanda, Newala)

JIBU: Marahaba. Hela usimpe. Hilo tulimalize kwanza maana najua kuna watu wanasoma jibu mstari wa kwanza tu halafu wanafunga.

Ila mpwa wako usimgombeze, hajadanganya. Hizo kuta zipo kweli na hizo volti zimepimwa kweli, ila hamna mtu duniani anayeziuza kwenye begi, na nikikueleza zinavyofanya kazi utaona mwenyewe kwa nini.

Tuanzie jikoni. Mtafute mwenye jiko la gesi, muombe kile kiwashio cha kubonyeza, kile kinacholia tak na kutoa cheche. Humo ndani hamna betri. Kuna kajiwe kadogo ka kauri kametengenezwa kwa risasi, zirkoni, titani na oksijeni, na kuna kanyundo ka springi kanakogonga hako kajiwe ukibonyeza. Likigongwa linatoa volti elfu kadhaa, ndo maana cheche inaruka hewani kutoka ncha moja hadi nyingine. Watoto wa mtaani kwetu walikuwa wanang'oa kitu hicho kwenye viberiti vya gesi vilivyokufa wanawapigia wenzao shingoni, unaruka unapiga kelele, halafu basi, unacheka. Volti elfu kadhaa na hujafa! Kumbuka hilo, nitalirudia.

Hako kajiwe na huo utando wa mpwa wako ni ukoo mmoja. Wanaitwa feroelektriki, yani vitu ambavyo ndani yake chaji zimeegemea upande mmoja, na ukivipiga umeme upande huo unageuka. Utando wenyewe unaozungumzwa sana ni wa bismathi feraiti, yani bismathi (ni metali), chuma na oksijeni vimepangana kwenye fuwele moja, atomu zimejipanga kwa utaratibu ule ule mwanzo mwisho, na unene wake unaweza kuwa nanomita 100 hivi. Chukua milimita moja uikate vipande milioni, kipande kimoja ndo nanomita. Huo utando haushikiki kwa mkono, unaoteshwa juu ya fuwele nyingine ndani ya mashine isiyo na hewa, mojawapo ya njia ni kuipiga tofali ya hiyo dawa kwa leza mpaka inatoka moshi, moshi unakwenda kutua taratibu na kujipanga.

Sasa kuta. Umewahi kuanika korosho kwenye jamvi bila shaka. Korosho si duara, ina tumbo na ina mgongo, ina upande inaotazama. Fikiria mtu hana kazi ya kufanya kakaa anazipanga moja moja, mita nzima ya jamvi zote zinatazama baharini, halafu ghafla, kuanzia mstari fulani, zote zinatazama Masasi. Ndani ya fuwele hii ni hivyo hivyo. Kila kijisanduku cha atomu kina chuma ambacho kilitakiwa kukaa katikati, lakini kimesogea kidogo kuelekea kona mojawapo, na bismathi nayo imesogea, kwa hiyo upande mmoja wa kisanduku unakuwa na chaji chanya zaidi na wa pili hasi. Kisanduku kina kona nane, kwa hiyo kuna pande nane za kutazama. Eneo lote ambalo visanduku vinatazama kona moja wanaliita domeni. Na ule mstari wa kwenye jamvi, pale zinapobadilika, ndo ukuta wa domeni. Hamna saruji hapo, hamna kitu kilichojengwa, ni mahali tu ambapo jirani kageukia kwingine. Unene wake nanomita mbili hivi.

Kinachofuata ndo cha umeme. Mwanga ukipiga fuwele unang'oa elektroni, inabaki nafasi yake, wanaiita shimo, na lile shimo nalo linatembea kama chaji chanya. Kazi yote ya sola yoyote ile, ya kwako na ya mpwa wako, ni kuwatenganisha hao wawili kabla hawajarudiana. Kwenye paneli yako ya silikoni kazi hiyo inafanyika kwenye mpaka mmoja tu, tabaka mbili za silikoni zilizochanganywa dawa tofauti zinakutana na pale pana msukumo. Kijipande kimoja kinatoa volti 0.6 hivi. Ukikuta paneli ina vijipande 36, ujue vimeungwa mkia kwa kichwa kama mawe ya redio, ndo maana ukipima juani bila kuunga kitu unasoma volti 21 na kitu. Na kuna dari. Kijipande kimoja cha namna hiyo hakiwezi kutoa volti kuzidi lile pengo la nishati ambalo elektroni inaruka ikipigwa na mwanga. Kwa silikoni pengo hilo, ukilisoma kwa volti, ni 1.1. Kwa bismathi feraiti ni kama 2.7, kwa hiyo kwa hesabu za kawaida usingetegemea ifike hata volti tatu.

Mwaka 2010 watafiti wa Berkeley, California, walichukua utando wa bismathi feraiti ambao kuta zake zimejipanga kama mistari ya daftari, moja baada ya nyingine kila nanomita 140 hivi. Wakabandika ncha mbili za chuma zimeachana maikromita 200, yani kama upana wa nywele mbili tatu za kichwani. Wakawasha taa. Wakasoma volti 16.

Maelezo yao yalikuwa haya. Kwenye kila ukuta, kwa sababu korosho za huku na za huku hazitazami pamoja, panatokea kingazi kidogo cha umeme, kama milivolti 10. Elektroni zinaangukia upande mmoja wa ukuta, mashimo yanakwenda upande wa pili. Milivolti 10 si kitu, ila kuta zimepangwa mfululizo, ni yale yale mawe ya redio. Piga hesabu mwenyewe kwenye kikokotozi cha simu za wateja wako: maikromita 200 gawanya kwa nanomita 140 unapata kuta kama 1,400, zidisha kwa milivolti 10 unapata volti 14. Karibu kabisa na ile 16. Na walipoachanisha ncha zaidi volti zikapanda, walipozisogeza zikashuka, kama unavyoongeza na kupunguza mawe. Mi niliposoma hesabu hiyo mara ya kwanza nilisimama nikaenda kunywa maji, sio kila siku unakuta kitu kigumu namna hii kinajibika kwa kugawanya na kuzidisha.

Haya, volti 16, betri yako ni ya volti 12, mbona isichaji?

Hapo ndo nirudi kwenye kile kiwashio: volti elfu kadhaa, lakini ampea, yani kiasi cha umeme unaopita, ni kidogo mno, ndo maana hujafa. Na nikupe na kisa changu. Miaka ya nyuma niliuziwa paneli ya mtumba na fundi mmoja, kaipandisha juu ya bati pale Mikindani, kaweka mita, mita inasoma 20, kanionyesha, nimeona kwa macho yangu, nimelipa. Tukaunga feni. Feni haikuzunguka hata nusu. Tukatoa feni, tukapima, 20. Tukarudisha feni, kimya. Tulihangaika mpaka magharibi, siku ya pili ndo nikafungua kile kiboksi cha nyuma nikakuta kiungio kimeliwa na chumvi ya bahari, kimekuwa cha kijani, kimebaki kiuzi. Volti zilikuwepo zote, sababu mita ya kupimia volti haivuti karibu chochote, inachungulia tu. Feni inavuta. Ampea zilipotakiwa kupita pale kwenye uzi hazikupita. Wati ni volti mara ampea, ukiwa na 20 mara karibu na sifuri una karibu na sifuri.

Ule utando una ugonjwa huo ila wake ni wa kuzaliwa. Ampea zilizotoka hazikufika hata miliampea moja kwa sentimita ya mraba, wakati silikoni kwenye jua kali inatoa thelathini na kitu kwenye eneo hilo hilo. Sababu ziko mbili kubwa. Moja ni lile pengo la 2.7, maana yake ni mwanga wa bluu na zambarau tu ndo una nguvu ya kung'oa elektroni humo, na kwenye jua letu hili hiyo ni sehemu ndogo, kijani njano nyekundu zote zinapita zinaondoka zake kama mtu asiye na hela anavyopita mnadani. Ya pili, bismathi feraiti yenyewe inapitisha umeme kwa shida, na elektroni nyingi zikishang'olewa katikati ya domeni, mbali na ukuta, zinarudiana na mashimo yao papo hapo.

Watu hawajalala. Mwaka 2015 kikundi cha Quebec, Kanada, kilichanganya kromi na chuma kwenye fuwele ya ukoo huo huo ili kulipunguza pengo, fuwele iweze kutumia na rangi nyingine za jua, wakapanga tabaka zenye pengo tofauti, wakafika kugeuza asilimia 8.1 ya nguvu ya mwanga kuwa umeme. Silikoni ya kwanza ya maana, ya maabara ya Bell, Marekani, mwaka 1954, ilikuwa kama asilimia 6, kwa hiyo si aibu. Ila za dukani leo zinacheza kwenye 20, na ile 8.1 ni kipande cha maabara, si cha bati la Newala. Kijana wa begi alikuwa anakuuzia nini sijui, lakini muulize ampea ngapi, uone atakavyokusanya vitu vyake.

SWALI: Mwalimu mi ndo huyo mpwa, mjomba kaniambia amekuandikia kwa hiyo na mimi naandika. Nimesoma sehemu moja kuta ndo zinatoa umeme, sehemu nyingine wanasema kuta ndo zinaharibu. Nani mkweli?

JIBU: Karibu, ugomvi wa nyumbani umeletwa gazetini!

Umeuliza swali zuri kuliko la mjomba, usimwambie. Mambo yako hivi. Kabla hata ya habari ya kuta, watu walishajua kwamba fuwele zisizo na ulinganifu zinatoa umeme kwenye mwanga bila mpaka wowote ndani. Kwenye bariamu titanati ilionekana 1956, kwenye lithiamu niobati miaka ya 70 wakaifanyia kazi kwa kina. Chukua goroli uirushe sakafuni, inakwenda popote. Chukua korosho uirushe, lazima ipinde, umbo lake linaipindisha. Elektroni iliyopigwa na mwanga ndani ya fuwele iliyoegemea upande mmoja nayo hivyo, haitawanyiki sawa, inapendelea upande, na kila kisanduku kinachangia, ukuta uwepo usiwepo.

Mwaka 2013 kikundi cha Halle, Ujerumani, kikarudia vipimo vya bismathi feraiti. Wao wakabandika ncha kwa namna mbili, mara umeme ukatize kuta, mara upite sambamba nazo, na wakashusha joto. Wakasema kazi ni ya fuwele nzima, na kuta kwa sababu zinapitisha umeme vizuri kuliko domeni (hilo la kupitisha lilishaonyeshwa 2009) zinakuwa kama tundu kwenye ndoo, zikiunganisha ncha na ncha volti zinavujia humo. Walipozibana zisipitishe, volti zikapanda mpaka 50. Wale wa Berkeley wao kwenye kipimo chao cha sambamba hawakuona volti, nao wakachukulia kwamba basi ni kuta zinazofanya kazi. Umeona mchezo? Kipimo kinafanana, tafsiri ni mbili, kama hamna volti inaweza kuwa hazikuzalishwa, inaweza kuwa zimezalishwa zikavuja. Kwenye mita zote mbili zinasoma sifuri.

Mi naegemea kwa wa Halle, fuwele nzima ndo injini, ila siondoi mchango wa kuta moja kwa moja, na usisahau kuta ziko za aina tofauti, kuna za nyuzi 71, 109 na 180 kutegemea korosho zimegeuka kiasi gani, zile za Berkeley zilizotoa 16 ni za 71 na hazifanyi mambo sawa na nyingine. Ukiandika mtihani andika pande zote mbili.

Halafu kitu ambacho mi ndo kinanivutia kuliko hata sola. Ukuta huo unaweza kuufuta na kuuchora upya kwa kuupiga volti. Waya wa nanomita mbili unaofutika, wewe unaesoma umeme fikiria kumbukumbu ya kompyuta hapo, fikiria vihisi vya mwanga. Kwenye hizo kazi ampea kidogo si tatizo.

SWALI: Assalaam alaykum Mwalimu. Nimesikia fuwele ya kwanza ya aina hii ilikuwa chumvi. Sisi Lindi chumvi tunayo mpaka tunaikanyaga, kuna deal hapo? (Mvuna chumvi, Lindi)

JIBU: Waalaykum salaam. Umesikia kweli, ila chumvi yenyewe siyo hiyo yako. Joseph Valasek, Minnesota, Marekani, 1920, alikuwa anahangaika na chumvi ya Rochelle, hiyo inatengenezwa kwa tindikali inayoganda kwenye mapipa ya mvinyo, ikichanganywa na potasiamu na sodiamu. Ndo ya kwanza kuonekana inageuza mwelekeo wake wa chaji ikipigwa umeme. Ya kwako ya chumvini ni sodiamu na klorini, na visanduku vyake vimelingana kila upande, ukikaa katikati ukaangalia kulia na kushoto unaona kitu kile kile. Haina tumbo wala mgongo. Ni goroli, si korosho. Endelea kuiuza kwa wenye samaki.

Na kabla hamjaniandikia, jina feroelektriki halimaanishi lazima kuwe na chuma. Bariamu titanati haina chuma hata chembe. Walifananisha tabia tu na ile ya sumaku ya chuma, jina likanata. Bismathi feraiti kuwa na chuma imetokea tu.

SWALI: Mwanangu Mwalimu, mie nimekusikiliza sana lakini unanichanganya. Nataka taa tatu na kuchaji simu, hela ya korosho ipo. Ninunue sasa au nisubiri hizo mpya? (Bibi wa Mikindani)

JIBU: Shikamoo bibi. Nunua sasa, ya silikoni, ya kawaida kabisa. Ukienda dukani usikubali kuonyeshwa volti peke yake. Mwambie kijana aunge taa au feni juani, paneli ikiwa imebeba mzigo ndo asome mita, na ampea asome. Nyuma ya paneli pana karatasi imeandikwa wati na ampea, mchukue mjukuu akusomee.

Fundi akija kufunga, huku kwetu tuko kama nyuzi 10 kusini mwa mstari wa ikweta, kwa hiyo paneli itazame kaskazini na ilale kidogo tu, nyuzi 10 hadi 15, maji ya mvua yateremke na vumbi. Nimeona watu wanaisimamisha kama kioo cha kuvalia. Na kwa vile uko karibu na maji bibi, kile kiboksi cha nyuma kifunguliwe kila baada ya miezi mitatu minne, paneli ikiwa imefunikwa kanga jua lisiipige, na ikionekana rangi ya kijani kwenye kiungio isuguliwe na msasa laini halafu ipakwe grisi kidogo. Ile ya kwangu nilifanya hivyo, feni inazunguka mpaka leo, inapiga kelele tu.